Soko la pamoja la Afrika Mashariki: malori yanapita, mama mwenye beseni bado anangoja

Tangu tarehe 11 Julai 2022, Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC). Wakuu wa nchi walikubali ombi la Kinshasa tarehe 29 Machi mwaka huo, na Raisi Félix Tshisekedi akatia saini mkataba huko Nairobi tarehe 8 Aprili. Wakati huo viongozi walizungumza juu ya soko moja kuanzia Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Atlantiki, bidhaa kupita bila ushuru, na watu kutembea na kufanya kazi bila kusumbuliwa.

Wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Bunia, ambao wanaujua mpaka kwa miguu yao, wanaendelea kuuliza: biashara huru hiyo imetuletea nini? Jibu fupi ni kwamba mlango umefunguliwa zaidi kwa bidhaa kuliko kwa watu, na zaidi kwa mfanyabiashara mkubwa kuliko kwa mdogo. Ndiyo sababu faida inayotajwa kwenye mikutano haijafika kwenye nyungu ya nyumbani.

Mkataba unasema nini

EAC imejengwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni umoja wa forodha, ulioanza mwaka 2005. Hapo nchi wanachama zinaondoleana ushuru kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya, na zinatoza ushuru wa namna moja kwa bidhaa zinazotoka nje: asilimia 0 kwa malighafi na mashine, 10 kwa bidhaa ambazo bado hazijamalizika kutengenezwa, na 25 kwa bidhaa zilizo tayari kutumika. Tangu Julai 2022 kuna pia asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo jumuiya inataka kuzilinda, kama vile nguo na fanicha.

Ngazi ya pili ni soko la pamoja, lililoanza Julai 2010. Hapa si bidhaa tu zinazotakiwa kupita. Mkataba unataja pia watu, wafanyakazi, huduma na mitaji, pamoja na haki ya kufungua biashara na kuishi katika nchi nyingine ya jumuiya.

Lakini kuingia katika jumuiya na kutumia kanuni zake zote ni mambo mawili tofauti. Nchi mpya inapaswa kupatanisha sheria zake, viwango vyake vya ushuru na orodha ya kazi ambazo inakubali kuwafungulia wageni. Kazi hiyo inachukua miaka. Tena Kongo ni mwanachama wa COMESA na wa SADC, na imeridhia pia eneo la biashara huru la bara zima la Afrika, ZLECAf. Kila mkataba una fomu zake na masharti yake. Kampuni kubwa inalipa mtu wa kuyafuatilia. Mchuuzi wa mboga hana mtu kama huyo.

Biashara ambayo haikungoja mkataba

Watu wa Kivu hawakuanza kuvuka mpaka mwaka 2022. Zaire, Rwanda na Burundi zilianzisha CEPGL tangu Septemba 1976, na makao yake yakawekwa Gisenyi, hatua chache kutoka Goma. Kwa miaka mingi wakaaji wa miji ya mpakani walivuka kwa lesepase ya CEPGL au kwa jetoni, kikaratasi kidogo kinachomruhusu mtu kuvuka na kurudi siku hiyo hiyo. Katika siku za amani, makumi ya maelfu ya watu walipita kila siku kwenye Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi. Mambo yalikuwa vilevile, kwa idadi ndogo zaidi, kwenye Ruzizi kati ya Bukavu na Rusizi, na Kavimvira kati ya Uvira na Bujumbura.

Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilitoa uchunguzi juu ya wachuuzi hao. Ulionyesha kwamba wengi wao ni wanawake, kwamba mtaji wao ni mdogo sana, na kwamba familia nzima inakula kutokana na beseni moja. Ulionyesha pia kwamba wengi wanaombwa rushwa, wanatishwa na wanatukanwa wanapovuka.

Mifano miwili inasaidia kuelewa jinsi biashara ya mpakani inavyofanya kazi. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi, Kalehe na Minova ilivuka Ziwa Kivu usiku kwa mtumbwi kwenda Rwanda. Mkulima hakuwa na chuki na nchi yake. Takse upande wa Kongo zilikuwa nyingi, mnunuzi rasmi alikuwa mbali, na upande wa pili kulikuwa na mtu mwenye pesa mkononi. Wengine walizama katika safari hizo. Mfano wa pili unakwenda kinyume. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za caguwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Baada ya hapo nguo hizo zilianza kupenyezwa kwa siri kutoka upande wa Kongo.

Mifano yote miwili inafundisha jambo moja. Bei zikitofautiana sana kati ya pande mbili za mpaka, bidhaa itavuka tu. Kinachobadilika ni njia inayopita na nani anapata pesa. Ikipita mchana kwenye bariyeri, serkali inapata takse yake na muuzaji anapata bei nzuri. Ikipita usiku, anayenufaika ni mwenye mtumbwi na yule anayefumba macho.

Hesabu ya beseni moja

Tuseme mama mmoja wa Goma ana mtaji wa dola 40. Asubuhi ananunua nyanya na vitunguu upande wa pili, jioni anauza sokoni Virunga, na siku ikienda vizuri anabaki na faida ya dola 5. Mpakani watu wanne, wa idara tofauti, kila mmoja anamwomba kitu cha nusu dola. Hapo dola 2 zimeondoka. Faida yake imepungua kwa asilimia 40 kabla hajalipa motari wala kununua unga wa watoto.

Linganisha na tajiri mwenye lori la simenti lenye thamani ya dola 30,000. Hata akitoa dola 100 nje ya sheria, hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja ya mali yake. Kwa mama, zile dola 2 ni asilimia 5 ya mtaji wake wote, na anazitoa kila siku.

Hii ndiyo maana biashara huru inayohesabu ushuru wa forodha peke yake haimfikii mchuuzi. Ushuru rasmi kwa mboga chache ni mdogo au haupo kabisa. COMESA ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, unaojulikana kwa kifupi kama RECOS: orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na nchi mbili, fomu fupi, na cheti cha asili kinachojazwa mpakani penyewe. Mzigo wa mchuuzi uko kwa watu wanaokaa kati ya beseni na soko.

Sheria ya Kongo yenyewe inajua hilo. Dekrete ya mwaka 2002 ilipunguza idara zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani zikabaki nne: duane, ambayo leo ni DGDA, Ofisi ya Kongo ya Udhibiti (OCC), uhamiaji (DGM) na idara ya usafi na afya mpakani. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, wachuuzi wa mipaka mingi wanaendelea kulalamika kwamba wanakutana na watu wengi kuliko hao.

Saa za kufungua nazo ni sehemu ya bei. Juni 2022, baada ya askari mmoja wa Kongo kuuawa kwa risasi upande wa Rwanda karibu na Petite Barrière, Kongo iliamua mpaka wa Goma ufungwe saa tisa ya mchana. Sababu ilikuwa usalama. Lakini kwa mtu wa nyanya, saa tisa ina maana ya safari moja badala ya mbili, na mzigo unaoweza kulala na kuoza. Machi 2020, Covid-19 ilipofunga mipaka, wachuuzi walilazimika kujiunga katika vikundi ili mzigo uvuke bila wao. Wenye mtaji walijipanga. Wengi wasio na mtaji walikula akiba yao ikaisha.

Kazi inavuka, lakini bila karatasi

Sehemu ya pili ya ahadi ya EAC ni kazi. Nchi zikifungua mpaka kwa bidhaa peke yake, zinapata sehemu tu ya faida. Mwashi anayekosa kazi Bukavu lakini anahitajiwa Bujumbura, mwalimu wa Kifaransa anayehitajiwa Kampala, fundi wa nguo ambaye ushoni wake unapendwa Nairobi: watu hao wakihama kihalali, wanatuma pesa nyumbani, wanajifunza mbinu mpya, na wengi wanarudi na mtaji. Nchi inayowapokea inapata mkono uliokuwa unakosekana.

Nchi jirani zimekwenda mbele. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kadi ya utambulisho ya taifa, bila pasporti. Kenya na Rwanda ziliondoleana malipo ya kibali cha kazi. Wahasibu, wahandisi, wasanifu wa majengo na waganga wa mifugo wana mapatano ya kutambua diploma zao kati ya nchi wanachama. Mwaka 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za jumuiya pamoja na Kiingereza, jambo linalomfaa sana Mkongo wa mashariki. Na mwaka 2023 Kenya iliondoa viza kwa raia wa Kongo.

Kwa nini basi Wakongo hawatumii nafasi hizo kama wengine? Moja ya sababu kubwa iko ndani ya nchi, na ni karatasi. Kongo haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984. Kwa miaka mingi raia hana kadi ya utambulisho ya taifa. Anatumia kadi ya mpiga kura. Juni 2023 Kinshasa ilizindua kadi mpya ya taifa, na raisi akapokea ya kwanza, lakini mwaka uliofuata kandarasi ya kuzitengeneza ilivunjwa. Ni vigumu kuwaomba majirani wakubali kadi ya utambulisho ya Mkongo wakati raia walio wengi hawajawahi kuishika.

Inabaki pasporti. Kuanzia mwaka 2015 iliuzwa dola 185, mojawapo ya pasporti za bei ya juu duniani. Bei imepunguzwa baadaye, lakini hata dola chini ya mia ni zaidi ya mtaji wote wa mchuuzi wa mboga. Matokeo yake ni kwamba Mkongo anayekwenda kutafuta kazi ng'ambo anakwenda bila karatasi kamili. Mwajiri anajua hilo, na anamlipa kidogo. Akiibiwa mshahara, hathubutu kwenda polisi.

Kuna pia tatizo upande wa mkataba wenyewe. Kila nchi ya EAC iliandika orodha ya kazi inazozifungulia raia wa jumuiya. Orodha za nchi nyingi zimejaa wakurugenzi, wataalamu na mafundi wenye diploma. Msukuma chukudu, mama wa sombe na mfanyakazi wa nyumbani ni vigumu kujikuta humo, na wao ndio wanaovuka kwa wingi kila siku.

Wenye mashaka wana hoja zao

Si kila mtu Kongo anataka mpaka ufunguliwe zaidi, na hoja zao zinastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni ya viwanda. Uganda, Kenya na Tanzania zinauza Kongo simenti, sabuni, mafuta ya kupikia, unga na mabati. Kongo ni moja ya masoko makubwa ya Uganda, na mizigo ya Kongo ni sehemu kubwa ya kazi ya bandari ya Dar es Salaam. Kongo yenyewe inauza nje hasa shaba na kobalti, ambazo hazielekei Nairobi wala Kampala. Wasiwasi ni kwamba nchi itabaki soko la wengine. Historia inawapa haki kidogo: Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Siasa ilichangia, lakini pia Tanzania na Uganda zilihisi kwamba viwanda na faida vinabaki Kenya.

Hata hivyo, bidhaa hizo ziko sokoni Goma, Butembo na Bunia tayari, zikiwa na ushuru au bila ushuru. Kinachomzuia Mkongo kutengeneza sabuni yake kwa mafuta ya mawese yake ni umeme unaokatika, barabara mbovu na takse nyingi za ndani. Mfuko wa maharagi unaotoka Masisi au Rutshuru unaweza kulipishwa mara kadhaa njiani kabla haujafika Goma, na hakuna mpaka wowote uliovuka. Kufungua soko la nje huku soko la ndani limejaa vizuizi ni kumwacha mkulima wa Kongo ashindane akiwa amefungwa mkono mmoja.

Hoja ya pili ni ya hazina ya serkali. Ushuru ukipungua, mapato ya duane yatapungua. Hilo ni kweli kwa muda. Lakini kuondoa ushuru hakuondoi TVA, ambayo ni asilimia 16, na mzigo unaopita wazi unalipa zaidi kuliko mzigo unaopita porini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni usalama na ardhi. Mashariki mwa Kongo kuhama kwa wafanyakazi kuna historia ndefu. Kati ya mwaka 1937 na 1955 utawala wa Wabelgiji uliwahamisha watu kutoka Rwanda kwenda Masisi ili wafanye kazi kwenye mashamba makubwa, bila kutatua vizuri swali la ardhi wala la uraia. Majeraha ya mipango hiyo yanaonekana hadi leo. Mtu aliyekimbia vita mara tatu akisikia maneno "uhuru wa watu kuhama", anaweza kufikiria bunduki kabla ya kufikiria kazi.

Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Lakini inafaa kutenganisha mambo mawili. Mwenye silaha hakuwahi kuomba jetoni. Bariyeri ikifungwa saa tisa, anayezuiliwa ni mama wa vitunguu. Na mfanyakazi aliyeandikishwa, mwenye kadi na anwani inayojulikana, ni rahisi zaidi kufuatiliwa kuliko mia wanaopita vichochoroni.

Vita na mapatano ya juu

Januari 2025 M23 iliuteka Goma, na Februari ikaingia Bukavu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema jeshi la Rwanda linaliunga mkono kundi hilo, jambo ambalo Kigali inalikana. Benki zilifungwa Goma, na wakaaji wengi wakawa wanavuka hadi Gisenyi kutafuta pesa taslimu. Ilionekana wazi kwamba hata katika wakati mgumu kuliko yote, maisha ya miji hii miwili yanategemeana.

Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia saini mapatano ya amani huko Washington, na Desemba mwaka huo maraisi wenyewe wakayathibitisha, pamoja na mpango wa kushirikiana kiuchumi. Mpango huo unazungumza juu ya madini, umeme na miundombinu. Hayo ni mambo makubwa. Lakini mtu anayesoma orodha hiyo akiwa Birere au Kadutu anaweza kuuliza yuko wapi yeye. Ikiwa biashara huru itakuwa ya koltani na dhahabu peke yake, vijana wa mji hawataona sababu ya kuilinda amani hiyo.

Kitu gani kingebadilika kesho

Barabara za Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Rutshuru–Goma, ambazo Kongo na Uganda zilizindua pamoja Juni 2021, zina kilomita 223 na zinahitaji pesa nyingi na usalama. Hazitamalizika kwa amri. Lakini mambo mengine hayahitaji mkopo wala wahandisi.

La kwanza ni kadi ya utambulisho. Bila hiyo, haki za soko la pamoja zitabaki za wenye pasporti. Serkali ingeweza kuanza na wakaaji wa miji ya mpakani, ambao wanaihitaji kila siku, badala ya kungoja nchi nzima.

La pili ni bango. Kila bariyeri iwe na ubao ulioandikwa kwa Kiswahili, unaoonyesha idara nne zinazoruhusiwa, takse ya kila bidhaa na namba ya kupigia malalamiko. Mchuuzi anayejua bei ya halali ana nguvu ya kukataa isiyo ya halali.

La tatu ni saa. Mpaka unaofungwa mapema kwa sababu ya usalama unapaswa kuwa na tarehe ya kuchunguzwa upya, ili hatua ya dharura isigeuke desturi.

La nne ni orodha ya kazi. Kongo inapopeleka orodha yake EAC, wawakilishi wa wachuuzi, wa waashi na wa wafanyakazi wa nyumbani wanapaswa kuulizwa kabla ya kutiwa saini, kwa sababu wao ndio watakaoitumia.

Hayo yote yako mikononi mwa Wakongo wenyewe, na hayategemei nia njema ya jirani yeyote. Yule mama wa dola 40 akibaki na zile dola 2 zake za kila siku, kwa siku 25 za kazi anakuwa na dola 50 kwa mwezi, ambazo ni zaidi ya mtaji wake wote. Akizitumia kwa masomo ya watoto au akiongeza beseni la pili, hapo ndipo wakaaji wa Goma na Uvira wataanza kuona kwamba saini ya Nairobi iliwahusu na wao.